KIBAO HAKIOKOI MTU

Mwezi uliopita haja ya biashara ilitupeleka katika hoteli moja ya ufukweni, upande wa mashariki wa kisiwa chetu. Tulipeleka mchele, sukari na mafuta, na tulipokuwa twangoja hati yetu itiwe saini tuliketi kivulini karibu na bwawa la kuogelea. Ni bwawa zuri, maji yake buluu kama mbingu ya kaskazi. Watoto wanne wa wageni walikuwa wakicheza ndani yake, na mkubwa wao hakuzidi miaka tisa. Ukutani palitundikwa kibao kwa lugha tatu, na Kiswahili si mojawapo. Maana ya maneno yake ni hii: hapa hapana mwokozi, kila aogeleaye na aogelee kwa dhamana yake mwenyewe.

Tukamwuliza kijana aliyekuwa akikunja mataulo, "Nani awaangaliaye watoto hawa?" Akajibu, "Ni mie, ami." Asubuhi kijana huyu humwagilia bustani, mchana hukunja mataulo, na jioni hutia dawa katika maji kwa kipimo cha jicho. Tukamwuliza kama ajua kuogelea. Akacheka kwa haya, akasema, "Kidogo kidogo, ami. Maji ya kiunoni." Na bwawa lile, upande wa mbali, lamzamisha mtu mrefu.

Siku ile, kwa rehema ya Mungu, hapakutokea msiba. Hoteli hiyo hatuitaji jina, kwani kusudi letu si kumfedhehi mtu mmoja. Twajua pia kwamba wako wenye mahoteli wanaotimiza wajibu wao, na hao tunawapa haki yao. Lakini jambo tuliloliona si la kunyamaziwa, khasa katika visiwa ambavyo mwaka 2023 viliingiza wageni zaidi ya 600,000, na ambavyo vijana wao kwa maelfu hupata riziki katika mahoteli.

Twasema hivi: kibao hakimwondolei mtu dhamana. Sisi wenye maduka twalijua jambo hili vizuri. Mizani yetu hukaguliwa na hutiwa muhuri. Lau mmoja wetu angeuza unga ulioharibika, kisha akaandika mlangoni kwamba anunuaye na anunue kwa dhamana yake, nani angemwachia? Mteja ametoa fedha zake, na aliyezipokea amejitwika amana. Basi ikiwa amana ya kilo moja ya unga ina mkaguzi na muhuri, sembuse amana ya roho ya mtoto?

Huenda msomaji akasema kwamba sisi ni watu wa bahari, na bwawa la hoteli si kitu cha kututisha. Hilo ni kosa. Bahari huonyesha khatari yake kwa wimbi na kwa upepo, ama bwawa huificha chini ya maji yaliyotulia. Wala si kila mzaliwa wa pwani ajuaye kuogelea, khasa wasichana. Ndiyo maana huko Nungwi mradi wa Panje ukafanya kazi ya kuwafundisha. Tena mtu anayezama, zaidi ya mara nyingi, hapigi kelele kama watu wadhaniavyo. Kinywa chake ki majini, pumzi hana, mikono yake yasukuma maji chini. Hawezi kuita wala kupunga. Huzama kimya, na baada ya dakika chache ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika. Shirika la Afya Duniani limekisia kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimia miaka mitano. Ndiyo sababu ya kutaka awepo mtu aliyefunzwa, asiye na kazi nyingine saa hiyo ila kutazama. Mwenye kukunja mataulo hatazami maji, atazama mataulo.

Iko na khatari nyingine isiyoonekana kabisa. Chini ya bwawa huwa na tundu ambalo pampu hunyonyea maji ili yasafishwe. Tundu hilo likiwa moja tu, na kifuniko chake kikiwa kimevunjika au ni cha bapa, mtu akiliziba kwa mwili wake nguvu zote za pampu humvuta yeye. Nywele hunaswa, mkono hunaswa, na hata kuogelea vizuri hakumfai kitu. Huko Marekani, katika mwezi wa Juni 2002, mtoto wa miaka 7, Graeme Baker, alinaswa hivyo katika birika la maji ya moto, naye alikuwa ajua kuogelea. Babu yake alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa dola ile kubwa, na cheo hicho hakikumfaa mjukuu. Mama yake hakukubali kuambiwa kuwa ni ajali tu. Alikwenda mbele ya wabunge akadai, mpaka mwezi wa Disemba 2007 ikatiwa saini sheria yenye jina la mtoto wake, na mwaka mmoja baadaye ikaanza kutumika. Sheria hiyo ilitaka kila bwawa la umma liwe na vifuniko visivyonasa mtu, na penye tundu moja linaloweza kuzibwa na mwili, iwepo njia ya pili ya kuzuia mtu asinaswe, kama vile chombo cha kuzima pampu mara moja.

Nao Wafaransa walipitisha sheria yao tarehe 3 Januari 2003 kwa mabwawa ya watu binafsi, pamoja na yale ya nyumba za kupangisha. Walimtaka mwenye bwawa lililochimbwa ardhini achague moja katika manne: uzio, kifuniko, king'ora au paa la kulifunika lote. Aliyekaidi aliweza kutozwa faini ya hadi euro 45,000. Khabari hizi za mbali hatuzitaji kwa kujipendekeza kwa wageni. Twazitaja kwa sababu wageni wetu wengi watoka katika nchi kama hizo, na huingia majini kwetu wakidhani kwamba yaliyo lazima kwao yamekwisha kuwa lazima na hapa.

Yako na mambo ya dawa. Klorini ikipungua, maradhi ya tumbo hupita kwa mtu mmoja hadi mwingine majini. Ikizidi, hudhuru macho na ngozi. Tena mtu akiichanganya na asidi kwa kutojua, hutoka moshi wa sumu unaochoma kifua. Na ni nani atakayeuvuta moshi huo wa kwanza? Si mwenye hoteli aliyeketi ofisini. Ni yule kijana wetu apimaye kwa jicho, bila glavu, wala kitu cha kuzibia pua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Basi bwawa nalo lahitaji daftari: dawa ilipimwa saa ngapi, ilikuwa kiasi gani, kifuniko cha tundu kilitazamwa lini, na nani alikuwa zamu.

Sasa tuigeukie Serikali. Maana ikiwa mwenye hoteli hujificha nyuma ya kibao cha ubao, Serikali nayo hujificha nyuma ya kibao cha karatasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini tunayo tangu mwaka 2005. Kamisheni ya Utalii tunayo, na leseni za mahoteli hutolewa. Lakini sheria isiyo na mkaguzi ni kibao tu. Yasomeka vizuri, wala haimtoi mtu majini. Jambo hili visiwa vyetu vimelijua kwa machozi. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika safari ya kwenda Pemba, hali imechukua watu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Hapakukosekana sheria ya idadi ya abiria. Alikosekana mtu wa kusimama gatini akasema, basi, imetosha. Mwaka haukutimia, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit. Tulilia, tukazika, tukaunda tume. Je, twangoja msiba wa bwawani ndipo tuanze kuhesabu vifuniko?

Wako watakaosema, ajali haina kinga, na yaliyoandikwa yameandikwa. Nasi twaamini kudra. Lakini nahodha anayemtegemea Mungu hukalafati chombo chake kabla ya kutweka tanga, wala hatujapata kumsikia aliyeacha ufa wazi akauita uvivu wake kuwa ni imani. Wengine watasema kwamba masharti mengi yatawafukuza wenye mitaji. Twajibu kwamba bei ya kifuniko kimoja na mshahara wa mwokozi mmoja si kitu mbele ya bei ya vyumba vyao. Msiba mmoja wa mtoto, khabari zake zikienea ulimwenguni, huharibu jina la visiwa vizima, na atakayelala njaa ni mvuvi auzaye samaki jikoni kwao, na mama afuaye mashuka.

Basi twataka mambo matano. La kwanza, hoteli na nyumba ya kupangisha yenye bwawa isipewe leseni wala isiongezewe muda mpaka bwawa likaguliwe, chini na juu, tundu kwa tundu. La pili, penye wageni wanaoogelea awepo mwokozi aliyefunzwa kuogelea, kuokoa na kumrudishia mtu pumzi, na saa za zamu yake asipewe kazi nyingine. La tatu, liwekwe daftari la kila siku, na mkaguzi alitie saini. La nne, uwepo uzio wenye mlango unaojifunga wenyewe, alama za kina cha maji ziandikwe, na maboya na kamba viwe karibu; tena maonyo yaandikwe kwa Kiswahili pia, kwani wafanyakazi na watoto wao nao wana roho. La tano, matokeo ya ukaguzi yabandikwe hadharani mlangoni, kila mtu ayasome. Kibao cha namna hiyo tutakiheshimu.

Neno letu la mwisho ni kwenu, wanachama. Msiba ukitokea, twajua mzigo utashushwa juu ya kichwa cha nani. Mwenye hoteli atasema, "Nilikuwa na mtu wa kuangalia." Ofisi itasema, "Hoteli ilikuwa na leseni." Na kijana wa mataulo, aliyeajiriwa kumwagilia maua, ndiye atakayepelekwa kituoni kueleza kwa nini mtoto wa watu amekufa mbele ya macho yake. Kijana huyo ni mwanao, au mpwa wako, au jirani yako. Muulize usiku wa leo: je, umefundishwa? Je, wajua pampu yazimwa wapi? Je, kazi hii imeandikwa katika mkataba wako? Majibu yake yaleteni matawini, bila kutaja majina ya watoto, ili wasifukuzwe kazi kwa kusema kweli. Sisi tutayakusanya na kuyapeleka panapostahili, kwa adabu na kwa maandishi, wala hatutachoka kuuliza.

Yule kijana wa upande wa mashariki alitusindikiza hadi kwenye gari. Tulimwambia atake kufundishwa kuogelea. Akasema ameshaomba mara mbili, akajibiwa kuwa kibao kipo.