Dungu Letu na Kasumba ya Kununua

Miongoni mwa maradhi tuliyoachiwa na ukoloni, ambayo hayakupona bendera yake iliposhushwa, ni ile imani kwamba kitu kilichonunuliwa ni bora kuliko kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa mwenye kukitumia. Maradhi hayo yamekwisha ingia jikoni na sebuleni, na sasa yabisha hodi shambani. Wapo wanaotwambia kwamba dungu la miti ni alama ya unyonge, na kwamba mkulima au mwindaji wa leo hana budi kununua jukwaa la chuma lililoundwa kiwandani, kama wafanyavyo wawindaji wa Marekani wanaowavizia wanyama kutoka juu ya miti. Fikra hiyo yafaa ipingwe, na ipingwe kwa hoja.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Dungu, ambalo pengine huitwa ulingo, ni jukwaa lililoinuliwa juu ya nguzo ili mtu aketi humo kuamia ndege, kufukuza ngedere na kulinda mazao yasiliwe na nguruwe mwitu. Mwindaji naye, akitaka kuvizia kando ya dimbwi, alilaza fito juu ya panda za mti akangoja kimya, upepo ukimpiga usoni. Leo twasikia habari za ulingo wa ngumi na ulingo wa siasa, na wengi wayatamkao maneno hayo hawaukumbuki ulingo wa shambani, ambao bingwa wake alikuwa mtoto mwenye teo mkononi. Lugha imelihifadhi jina, ilhali sisi tunataka kuitupa kazi.

Katika bonde la Rufiji dungu lilikuwa zaidi ya jukwaa. Kwa vizazi vingi mkulima wa huko alilima mpunga na mahindi katika ardhi iliyorutubishwa na mafuriko, akaishi katika nyumba iliyosimama juu ya nguzo, maji yakipita chini yake na nguruwe mwitu wakizuiwa na sauti yake usiku. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamishia watu wengi katika vijiji vilivyo mahali pa juu. Hata hivyo, msimu ulipofika, wakulima walirudi bondeni na kujenga madungu yao upya. Hawakuyarudia kwa ukaidi. Waliyarudia kwa sababu mpunga haukuhama, na nguruwe mwitu hakuhama.

Sasa tutazame ujuzi uliomo. Mjenzi huchagua nguzo zenye panda, ili boriti ikae ndani ya panda na uzito wote uelekee ardhini, usining'inie kwenye msumari. Huchagua mti ambao mchwa hauwezi upesi, na huacha ule ulaini unaovutia kwa kukatika kirahisi. Hufunga viungo kwa kamba ya magome, ambayo hukubali kuyumba pasipo kukatika. Hupima mahali pa kusimamisha kwa kutazama njia ya wanyama, upande wa upepo na mwinuko wa maji. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuuza elimu hiyo, kwa kuwa kiwanda hakilijui shamba la mtu. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Nasi twaweza kuongeza kwamba vyasimama pia kwa kuundwa.

Wapinzani wetu wana hoja mbili ambazo ni haki zijibiwe. Ya kwanza ni kwamba hata huko Marekani wataalamu huwaonya wawindaji wasipande majukwaa ya mbao waliyojipigilia wenyewe. Onyo hilo ni la kweli. Mbao zilizopigiliwa misumari kwenye mti ulio hai husukumwa na mti unaponenepa, misumari hulegea na kushika kutu, mbao huoza, na mtu anayerudi baada ya mwaka mmoja au miwili huanguka. Lakini dungu letu halijengwi hivyo! Lasimama juu ya miguu yake lenyewe, tena husukwa upya msimu kwa msimu, kwa hiyo kila mwaka viungo vyake hupita mikononi mwa mjenzi. Isitoshe, hata jukwaa la kiwandani halijilindi lenyewe: mwindaji huagizwa avae mkanda wa kumfunga mtini tangu mguu uondokapo ardhini hadi urudipo, na kuzikagua kamba zake kila mara. Usalama hauji na risiti. Huja na uangalifu wa mtu anayekijua kitu chake. Tena jukwaa hilo limekusudiwa mtu mmoja kwa saa chache, ilhali dungu hulaza watu kwa majuma mengi, wakiwamo akina mama na watoto wao.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa ni ya damu. Katika jarida la Nature mwaka 2005, wataalamu walieleza kwamba tangu 1990 simba walikuwa wamewaua zaidi ya Watanzania 563 na kuwajeruhi si chini ya 308. Sehemu kubwa ya mashambulio ilitokea nyakati za mavuno, kati ya Machi na Mei, watu walipolala mashambani kuwalinda nguruwe mwitu wasile mazao. Hapo mpinzani husema: mwaona? Dungu laua!

La hasha. Kinachoua ni kibanda kifupi kilichojengwa kwa haraka, kisicho na ukingo wala mlango, na mtu kulala mahali simba anapoweza kumfikia. Dungu si ngome, wala hatusemi kwamba kila lililojengwa na babu lilikuwa imara. Lakini mkulima ambaye mavuno yake yako hatarini na mfuko wake mtupu atalala shambani, awe amenunua jukwaa au hakununua. Kumwambia anunue asichoweza kukinunua ni kumwacha chini, gizani. Jambo la kumwokoa ni kumfundisha na kumsaidia ajenge juu zaidi, kwa nguzo madhubuti, akiwa na ngazi anayoweza kuivuta baada ya kupanda, na kuta za fito zilizokazwa pande zote. Tukiidharau kazi hii, wenye ujuzi watakufa nao, na vijana watajenga vibaya. Dharau hiyo ina mauti ndani yake.

Wala tusieleweke vibaya kwamba twachukia chuma. Waya, bolti na bati havina kabila. Mjenzi mwenye busara atavitumia palipo na haja. Wala hatutetei ukataji ovyo wa misitu, au uwindaji bila kibali, ambao umekatazwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 kama ulivyokatazwa na ile ya 1974. Tunachokipinga ni mtu kununua kitu asichoweza kukitengeneza kinapovunjika, na kwa kukinunua akasahau kile alichokuwa akikiweza.

Basi kazi ipo mbele yetu. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya mafundi wa nchi hii. Kazi ya dungu ingestahili kupewa nafasi katika karakana zake, na vyuo vyetu vya ufundi vilipime, vilisahihishe na kulirudisha kijijini likiwa imara zaidi. Maofisa wa utamaduni, ambao mara nyingi hudhani kwamba utamaduni ni ngoma peke yake, wawatafute wajenzi wazee na kuandika majina ya miti, ya mafundo na ya viungo kabla hayajazikwa. Shule za bonde na za nyika zipande miti ya nguzo, na watoto wafundishwe kufunga fundo lisilofunguka.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Taifa ambalo haliwezi kumjengea mkulima wake mahali pa kuketi juu ya nguruwe na simba, bali lamwelekeza dukani, halijajitegemea bado, hata likiimba wimbo huo kila asubuhi.