MWACHE APUMZIKE

Kuna ndugu yetu anayefanya kazi New Zealand. Mwezi wa Julai, ambao kule ni majira ya baridi na kukodi gari huwa nafuu, alichukua gari lenye kitanda na jiko ndani, akazunguka na familia wiki moja. Akatuma picha: sili wamelala kwenye mawe kando ya barabara ya Kaikōura, kea, kasuku wa milimani, aking'oa mpira wa dirisha la gari kule Arthur's Pass. (Nilicheka. Ndege huyo haogopi mali ya mtu.)

Unajua alijibiwa nini kwenye grupu ya familia? "Kumbe pesa iko."

Mpendwa, mtu huyu amesomesha watoto wa ndugu zake kwa kazi za usiku. Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Na sisi wachungaji tuna hatia hapa: tumewaitia mikutano kila jioni, na uchovu tukauita ukosefu wa imani.

Kando ya Ziwa Tekapo kuna kanisa dogo la mawe, la Mchungaji Mwema, lililojengwa 1935. Nyuma ya madhabahu ni dirisha. Unaona ziwa na milima yenye theluji. Ndani hairuhusiwi kupiga picha. Aliniambia kwa simu kwamba aliketi humo akalia.

Leo mpigie jamaa yako aliye ng'ambo. Usitaje karo.

Ubarikiwe.