Fiziotherapia Ifundishwe Hadi Mpakani
Mjini Tunduma, ambako malori hupanga foleni kuingia Zambia na bodaboda hupenya kati yake, mguu uliovunjika si habari ngeni. Mfupa huunga, lakini goti lililokaa muda mrefu ndani ya hogo hukakamaa, na misuli husinyaa. Hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia inapoanza.

Kwa miaka mingi wataalamu hao wamefundishwa KCMC, Moshi, mbali na Mkoa wa Songwe. Mwanafunzi aliyezoea hospitali kubwa pekee humtembeza mgonjwa kwenye sakafu laini, akishika vyuma. Mgonjwa wa Tunduma hurudi kwenye mkeka, choo cha kuchuchumaa na njia ya mteremko. Aliyepooza kwa kiharusi humhitaji mtaalamu, lakini humhitaji pia mke, mwana au jirani aliyefundishwa kumgeuza, kumketisha na kumsimamisha kila siku.

Kwa hiyo mafunzo kwa vitendo yafike katika vituo vya afya vya mpakani, na mtihani upime pia uwezo wa kuifundisha familia. Mgonjwa naye, kabla ya kuruhusiwa, aulize: nyumbani nifanye zoezi gani, na mara ngapi?