Mtumishi Asiiache Afya Yake Gatini

Katika visiwa vyetu kazi ya Serikali haitendeki bila ya safari. Mkaguzi wa skuli hutoka Unguja kwenda Pemba. Mhasibu hutoka Chake Chake kuja mjini. Maofisa wa wizara huvuka bahari hadi Dar es Salaam, na wengine huendelea hadi Dodoma. Safari hizo ni za lazima. Linalotutia wasiwasi ni hali wanayorudi nayo baadhi ya watumishi wetu: wamechoka, wamenenepa, na wenye shinikizo la damu au kisukari wamezidiwa.

Sababu si bahari wala masafa. Sababu ni kukaa. Mtumishi hukaa garini hadi bandarini, hukaa botini, hukaa tena garini hadi nyumba ya wageni, na asubuhi hupelekwa seminani akakae mpaka jioni. Saa nne huletewa chai na sambusa, adhuhuri pilau na soda, alasiri chai tena. Mtu huyo huyo akiwa nyumbani huenda sokoni kwa miguu, na pengine hukimbia alfajiri na kikundi chake cha mazoezi. Akishapanda boti, mazoea hayo yote huyaacha gatini.

Madhara ya kukaa si jambo la kubahatisha. Mwaka 1953 Dk. Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi hayo hayo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kukaa kwa saa nne au zaidi huongeza takriban mara mbili hatari ya damu kuganda mishipani, ingawa kwa walio wengi hatari hiyo hubaki ndogo. Shirika hilo linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Yaani nusu saa kwa siku, siku tano.

Nusu saa hiyo haitaki uwanja wala viatu vya thamani. Aliyefikia Wete au Mkoani na aende kazini kwa miguu, iwapo masafa yanaruhusu. Msafiri wa basi ashuke kunyoosha miguu kila linaposimama. Mwanamke asiyeona salama kutembea peke yake alfajiri katika mji wa ugenini afanye mazoezi chumbani, au atembee na wenzake baada ya kikao. Na mwenye dawa za kila siku aziweke katika mkoba wa mkononi, si katika mzigo.

Hata hivyo, si haki kumtwika mtumishi peke yake. Ratiba ya semina haiandiki yeye, wala chakula hakichagui yeye. Tunaziomba wizara na taasisi zinazoandaa mikutano zitenge nusu saa ya kutembea kabla ya magharibi, na badala ya vitu vya kukaanga ziweke maji, ndizi, mapapai na machungwa ya mashamba yetu.

Wapo watakaosema kuwa mtumishi amekwenda kufanya kazi, si kucheza. Tunawajibu kwamba daktari wa mifugo aliyeangushwa na kiharusi hamfikii tena mfugaji wa Micheweni. Hasara haiwi yake na jamaa zake tu. Ni ya wananchi waliokuwa wakimngojea.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa semina hapewi jembe hata siku ya saba. Basi na ajipe mwenyewe kazi ya miguu, na wenyeji wake wampe nafasi ya kuitenda.