Redio ya Mji Si Redio ya Nchi



Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ndivyo walivyonena wazee wetu, maana zamani mbiu ilipolia kila aliyeisikia alijua kwamba neno lile lamhusu yeye na nyumba yake. Siku hizi mbiu yetu ni redio, ambayo wazee wengine waliiita simu ya upepo. Yalia tangu alfajiri mpaka usiku wa manane. Lakini sisi tukaao Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Tunduma twauliza: jambo lake ni la nani?

Mwaka mmoja mvua zilizidi, na njia ya kushukia bonde la Rukwa ikaharibika. Wagonjwa walikwama, na magunia ya mpunga yakalowa njiani. Asubuhi tuliketi kuizunguka redio, tukitumaini kusikia ni njia ipi ipitikayo. Mtangazaji akatueleza kwa urefu jinsi magari yalivyosongamana Ubungo na Mwenge, mahali palipo mbali nasi zaidi ya kilometa 900. Mzee mmoja akasema, “Sasa nayajua mashimo ya Dar es Salaam kuliko mashimo ya njia yangu.” Tulicheka sana, kisha tukanyamaza, kwa sababu alisema kweli.

Basi neno letu ni hili: redio ya mji si redio ya nchi, na wale waiitao hivyo hawatutendei haki.

Tutazame mambo yalivyoanza. Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kwa mtambo mdogo, kwa majaribio, nayo ilikuwa sauti ya mji kama jina lake lilivyosema. Hatukuwa na neno la kulaumu, maana kila kitu huanza kidogo. Lakini jirani zetu walianza kwa njia nyingine. Huko Lusaka matangazo yalianza mwaka 1941, na mwaka 1949 bwana mmoja wa idara ya habari, Harry Franklin, alifanya shauri na watengenezaji wa betri, ikauzwa redio ya bei nafuu, pauni 5, kwa ajili ya Waafrika wasio na umeme. Gamba lake lilikuwa la madini, la mviringo, hata watu wakaipa jina la sufuria. Angalieni hekima hiyo: waliuliza kwanza ni nani atakayesikia, tena atasikia kwa chombo gani.

Nasi pia tulipata kuwa na hekima hiyo. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilitangaza masomo ya Mtu ni Afya. Watu wapatao 2,000,000 waliketi katika vikundi vijijini, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Walisikiliza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu, kisha wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Redio ilinena, na kijiji kikajibu kwa kazi ya mikono. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia kwamba redio haiwezi kumtumikia mkulima. Imekwisha kumtumikia.

Ni nini basi kilichobadilika? Mambo mawili. La kwanza ni sheria ya mwaka 1993, iliyowafungulia mlango watu binafsi na madhehebu. Mwaka 1994 zikasikika Radio One na Radio Tumaini mjini Dar es Salaam, na baada yake nyingine nyingi. Jambo hilo ni jema, maana sauti moja pekee huchosha sikio. La pili ni mawimbi yenyewe. Mawimbi mafupi hupanda juu ya anga, yakarudishwa chini mbali sana, hata mtu wa Kamsamba akasikia neno lililosemwa pwani, ingawa kwa mikwaruzo. Lakini mawimbi ya FM, ambayo stesheni nyingi huyatumia leo, hunyoka kama macho yaonavyo. Mlima ukisimama kati, sauti hukatika. Ni lazima mlingoti mwingine usimikwe, na mlingoti ni fedha, na fedha hutoka kwa wenye matangazo ya biashara, nao huwatafuta wanunuzi walipo wengi. Hivyo Dar es Salaam stesheni husongamana kama samaki kikapuni, na huku bondeni mtu huuzungusha mshale wa redio asisikie ila upepo.

Wako watakaotujibu kwamba mji ni kichwa cha nchi, na kiungo hakina budi kukisikiliza kichwa. Vema, lakini kichwa kina masikio pia, wala si kinywa tu. Kichwa kisichosikia mguu umechomwa mwiba kitauoza mwili mzima.

Wengine husema kwamba simu ya mkononi imekwisha kuifuta redio. Hao hawajalala katika nyumba zetu. Simu yataka mtandao, yataka bando, yataka umeme, tena humfaa mmoja aishikaye. Redio moja yenye mawe mawili husikiwa na boma zima: bibi asiyejua kusoma, mtoto, na mgeni aliyepita.

Wengine tena husema kwamba sisi wa vijijini twapenda mpira na nyimbo tu. Hapo wametupata kidogo, na tukiri. Wangapi kati yetu huzima redio yakianza maelezo ya kilimo, wakaiwasha mpira ukianza? Wangapi wamepata kuandika barua hata moja kwa mtangazaji? Anyamazaye hudhaniwa ameridhika.

Wala hatuombi Kiswahili kipunguzwe, maana ndicho kilichotufanya kuwa watu wamoja. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha yake, lakini tena alisikia jambo lililomhusu. Hilo la pili ndilo tulidailo: mambo yetu yasemwe kwa Kiswahili hicho hicho. Bei ya kahawa ya Mbozi na ya mahindi, hali ya mpaka wa Tunduma na Nakonde, malori yakikwama, kipindupindu kikitokea, daraja likichukuliwa na maji. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Una ofisi zake Vwawa, na haufai kutajwa ajali itokeapo tu.

Kwa hiyo twasema wazi. Kila stesheni ijiitayo ya taifa imweke mtu wake Vwawa au Tunduma, na kila siku impe saa yake ya kunena. Shirika la umma lina wajibu huo kuliko wengine, maana kodi ya mkulima wa Ileje imo katika mtambo wake. Nasi tusingoje kwa mikono mitupu. Wamaasai wa Simanjiro wana stesheni yao Orkonerei, kule Terrat, mbali na mji. Lililowezekana kwao si mwiko kwetu. Tena kila usharika na kila shule iweze kuamsha kikundi cha kusikiliza: redio moja, mwandishi mmoja, siku moja ya juma. Mkisikia la kufaa, litendeni. Mkisikia la uongo, andikeni kulikanusha. Msiposikia neno lolote linalowahusu, andikeni hilo hasa, mkatie sahihi wote, mkapeleke.

Mbiu ni ya mgambo wote. Tusikubali ilie kila siku, na jambo likawa la mtaa mmoja.