Rangi ya Meno si Kipimo cha Usafi



Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, tangu Pumwani hadi Umoja na Kayole, tunawaona mabinti wanaocheka huku wamefunika vinywa kwa mitandio. Meno yao yana madoa ya kahawia, na tangu utotoni wameambiwa kuwa hawapigi mswaki. Baadhi yao huyasugua kwa ndimu na mkaa hadi wakayadhuru. Na siku ya posa ikifika, wapo wanaoyahesabu madoa hayo kuwa ni aibu ya nyumba.

Ukweli ni kwamba jino halikuumbwa jeupe kama karatasi. Gamba lake la nje hupenya nuru, na tabaka lililo chini yake lina umanjano. Kwa hiyo meno ya utotoni huwa meupe kuliko yale yanayoota mtoto afikapo miaka 6 au 7, na umri ukisonga gamba huwa jembamba, rangi ikakolea.

Ama madoa ya kahawia, mara nyingi chanzo chake ni maji. Ardhi ya Nairobi na ya Bonde la Ufa ina madini ya floraidi, na maji ya visima virefu vingi hupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa kabla ya kutimiza miaka 8, meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya taya, huota na madoa yasiyoondoka kwa mswaki. Wala kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki.

Basi tunaponunua maji ya mtungi tuulize yametoka wapi. Ya kisima tufulie na kuoshea vyombo. Ya kunywa na ya kuwapikia wadogo yawe ya mfereji, yatokayo bwawa la Ndakaini. Mchanga anyonye, kwani maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno. Aliyekwisha kupata madoa apelekwe kwa daktari wa meno.

Siwaki ni sunna ya Mtume wetu (S.A.W.), nayo ni usafi, rangi ni jambo jingine. Tusimwaibishe binti kwa maji tuliyomnywesha sisi wenyewe.