Tuwapokeeje Wanafunzi Wageni?

Mhariri wa gazeti hili ameniomba mimi niliyesoma hapa zamani niandike maneno machache ya kuwatia moyo wale watakaotoka hapa kwenda katika vyuo vya misheni kujifunza kazi, iwe uuguzi, ukunga au ualimu. Nimekubali kwa furaha. Lakini maneno ya kutia moyo ni mengi, na mengi hayana kazi. Afadhali niseme jambo moja tu ninaloliamini kabisa, nalo ni hili: kumcheka na kumsumbua mwanafunzi mgeni si mchezo, wala si desturi njema ya kujenga ujasiri. Ni ubaya, na katika chuo cha misheni ni ubaya mara mbili.

Nitaanza na habari zangu mwenyewe, msije mkadhani nahubiri nisiyoyajua.

Nilitoka Arua nikapanda basi kwenda katika chuo kimoja cha uuguzi cha misheni, mbali na kwetu. Jina la chuo silitaji, maana kosa halikuwa la chuo, lilikuwa letu sisi wanafunzi. Basi liliharibika njiani, nikafika usiku na mvua inanyesha, sanduku langu la bati likivuja maji. Kiluganda nilikijua kidogo sana, na mtu wa kusema naye Kilugbara hakuwapo. Nilichokuwa nacho ni Kiswahili chetu cha sokoni. Wasichana wa mwaka wa pili wakanisimamisha juu ya sanduku wakataka niimbe. Nilipoimba wimbo wa kwetu, walicheka hata wakashika mbavu. Kisha wakanipa kijiti cha kiberiti, wakaniamuru nipime kwacho urefu wa bweni lote. Nilipiga magoti nikapima huku nikihesabu kwa sauti, na kila nilipokaribia ukutani mtu alinipotosha hesabu, nikaanza upya. Sukari na sabuni nilizofungiwa na mama zilikwisha usiku ule ule. Nikalala na njaa, kwa kuwa hakuna aliyeniambia ya kwamba Matroni alikuwa ameagiza niwekewe chakula jikoni.

Mtasema hayo ni mambo madogo. Hata mimi nilisema hivyo. Mwaka wa pili ulipofika, nami nikawa mwenyeji, akaja msichana mmoja kutoka upande wa Karamoja, mpole, mwenye maneno machache. Mimi ndiye niliyempa kijiti cha kiberiti. Nasema kweli, nilifurahi. Niliona kama nalipwa deni langu, ijapokuwa aliyelipa siye niliyemdai. Asubuhi ya siku ya nne tulikuta kitanda chake kitupu na mashuka yamekunjwa vizuri. Alikuwa amerudi kwao, wala hakumshitaki mtu. Baadaye tulisikia kwamba jamaa zake waliuza ng'ombe ili wamlipie karo. Matroni alituuliza bwenini kuna nini. Tulinyamaza wote, na mimi nilinyamaza kuliko wote.

Jambo hilo lingeweza kupita nikalisahau, lakini halikupita. Miezi michache baadaye nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wanawake. Aliletwa bibi mmoja mzee kutoka shambani, ambaye hajapata kulala hospitali. Saa saba nilipozunguka na taa sikumwona kitandani. Tulimtafuta, tukamkuta amelala sakafuni chini ya kitanda, amejifunika kanga yake, anatetemeka. Aliogopa kuanguka, tena aliogopa kuuliza. Mwenzangu mmoja alicheka kwa sauti, wagonjwa wengine nao wakacheka. Bibi yule alitutazama. Nayajua macho yale. Ni macho yangu nilipokuwa juu ya sanduku la bati, na ni macho ya msichana wa Karamoja.

Usiku ule ndipo nilipofahamu. Mwenzangu hakujifunza kumcheka mgonjwa wodini. Alijifunza bwenini, na mimi nilikuwa mmoja wa walimu wake. Daktari hutufundisha kupima homa na kuhesabu mapigo ya moyo. Sista hutufundisha kufunga vidonda. Lakini namna ya kumtazama mtu aliye na hofu, asiyejua mlango uko wapi wala maji yako wapi, hiyo twafundishana sisi wenyewe, siku ile mgeni anapoingia na sanduku lake. Mgonjwa ni nani ila mgeni? Amevuliwa nguo zake, amewekwa kati ya watu asiowajua, anaamriwa kwa maneno asiyoyafahamu. Aliyezoea kumdhihaki mgeni mzima, atamheshimuje mgeni aliye mgonjwa?

Nimesema kwamba katika chuo cha misheni ni ubaya mara mbili, na sababu yangu ni hii. Katika Injili, pale inapohesabiwa hesabu ya siku ya mwisho, mgeni na mgonjwa wametajwa katika orodha moja, pamoja na mwenye njaa na aliye uchi. Hawakutenganishwa. Hatuwezi basi kwenda kanisani asubuhi kuwaombea wagonjwa, na jioni kumnyang'anya mgeni sukari yake.

Tena tukumbuke asili ya vyuo hivi katika Uganda. Walioanza kazi hii walikuwa wageni. Daktari Albert Cook alifika Mengo mwaka 1897, baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani, maana reli ilikuwa haijafika hata Kisumu. Ilifika huko mwaka 1901. Katika safari ile ile alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye aliolewa na daktari huyo mwaka 1900, na baadaye ndiye aliyewafundisha ukunga wasichana wa nchi hii. Radi iliteketeza hospitali yao mwaka 1902, ikajengwa upya. Mwaka 1903 wakaja masista Wafransisko, na Mama Kevin kati yao, wakaanza kutibu watu Nsambya. Hao wote hawakujua njia wala lugha ya nyumbani. Kama wenyeji wangewafanya kitu cha kuchekwa na kuwafukuza kwa kero, hizo hospitali na vyuo tunavyojivunia leo vingetoka wapi? Sisi tunaosoma ndani ya matunda ya ukaribisho wa wazee wetu, ni aibu tukiwa wabovu wa kukaribisha.

Najua watu watanijibu. Wa kwanza atasema, "Nasi tulitendwa hivyo hivyo, na hatukufa." Ni kweli hatukufa. Lakini msichana wa Karamoja naye hakufa. Aliondoka tu, na watu wa kwao wakakosa muuguzi. Hasara ya jambo hili haionekani bwenini, kwa sababu aliyepata hasara hayupo tena kuisema.

Wa pili atasema, "Kazi ya uuguzi ni ngumu, mgeni lazima akomazwe." Hapa nakubali nusu. Kazi ni ngumu kweli. Kuna damu, kuna usiku bila usingizi, na kuna kumfunika mtoto uso mbele ya mama yake. Lakini wazee walikwisha tuonyesha njia waliposema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Jembe ni kazi, ndugu zangu, si dhihaka. Mpe mgeni zamu yake ya kufagia, ya kuteka maji, ya kuosha mabeseni. Usimhurumie kwa hilo. Kazi ya kweli itamkomaza. Kupima bweni kwa kijiti cha kiberiti hakukumkomaza mtu yeyote. Mimi kulinifundisha kungoja zamu yangu ya kutesa.

Basi tufanyeje? Nilipokuwa mwaka wa mwisho, sisi wachache tulikwenda kwa Matroni tukakiri habari ya kijiti, tukaomba ruhusa ya kujaribu desturi nyingine. Haikuhitaji fedha. Kila mgeni alipewa mwenyeji wake mmoja wa mwaka wa pili. Kazi ya mwenyeji ilikuwa kumpokea langoni, kumsaidia sanduku, kumwonyesha choo, maji, jikoni, kanisa na chumba cha Matroni, na kumweleza sheria za chuo kama zilivyo, bila kumtisha kwa sheria za uongo. Aliyechelewa kwa safari aliwekewa chakula, na mwenyeji alihakikisha amekila. Asiyejua lugha ya pale hakuchekwa, bali alitafutiwa mtu wa kusema naye, na mara nyingi Kiswahili ndicho kilichotuokoa, maana mtu wa Arua na mtu wa Kasese waliweza kusikilizana. Siku ya tatu alipewa jembe. Mwaka ule hakuna kitanda kilichobaki kitupu.

Na wewe utakayekuwa mgeni, nakuachia neno. Nenda na adabu, salimu watu, uliza usilolijua, wala usione haya kusema kwamba umepotea. Ukikutana na wanaokudhihaki, mweleze mkubwa wa chuo mapema. Kunyamaza si ushujaa. Na kama hata hivyo watakupa kijiti cha kiberiti, basi siku ile utakapokuwa mwenyeji, kivunje. Usimpe mtu mwingine. Deni la namna hiyo hulipwa kwa kusamehewa tu.

Yule msichana sikumwona tena. Niliandika barua moja kwa anwani iliyokuwa katika kitabu cha chuo, sikupata jibu. Kwa hiyo nimeyaandika haya hapa, ili ninyi msije mkahitaji kuandika barua kama ile.